Mzee Akisema "Nimeanguka": Mafunzo Niliyopata Wodini

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika kila watu 6 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, 1 hutendewa ukatili ndani ya mwaka. Mimi ni muuguzi Kanda ya Ziwa, Tanzania. Wazee hao nawapokea, ila hakuna anayekuja akisema amepigwa.

1. Msindikizaji asubiri nje. Bibi akiulizwa mbele ya mwanawe, atajibu ameanguka. Namtuma kijana maabara kufuatilia majibu, navuta pazia, namwogesha bibi taratibu, ndipo nauliza. Wengi huanza hivi: "Mwanangu, usimwambie."

2. Mikono ikague wakati mdomo unaongea. Aliyeanguka mara nyingi huumia viganja, magoti, nyonga. Alama za vidole upande wa ndani wa mikono yote miwili, juu ya kiwiko, zinanitia shaka. Kovu la zamani kando ya jeraha bichi, zaidi. Nakagua na mfuko wa dawa: vidonge vya presha vya mwezi uliopita bado vimejaa. Nani anampa?

3. Andika ulichoona, usiandike ulichohisi. Mahali, ukubwa, rangi, na maneno ya mzee kama alivyoyatamka. Kesi ikifika mahakamani huenda bibi ameshafariki, faili lipo. Na damu ikitoka tunatibu kwanza, PF3, ile fomu ya polisi, itafuata.

4. Macho mekundu ni ugonjwa. Huku kwetu vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, kisa macho, na macho hayo yamechomwa miaka mingi na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe. Hili nalisema kwa sauti wodi nzima isikie. Kisha naulizia shamba, maana nyuma ya tuhuma kwa mjane mara nyingi pana ardhi inayotamaniwa.

5. Mzee hataki mwanawe afungwe. Anataka kipigo kikome. Namwita afisa ustawi wa jamii, anayeweza kukaa na ukoo na mtendaji wa kijiji. Lakini aliyetishiwa kuuawa simruhusu arudi nyumba ileile kwa sababu tu ndugu wameomba radhi. Hapo polisi lazima wajue.

6. Mlezi naye aulizwe analala saa ngapi. Binti anayemuuguza peke yake mama aliyepooza, mwenye vidonda vya kulalia, huenda hana ukatili wowote. Namwonyesha jinsi ya kumgeuza kila baada ya saa mbili, na kaka zake nawapigia simu mwenyewe waje wapokee zamu.