Mpe Jembe: Somo juu ya Kumpokea Mkimbizi



Iko methali ambayo kila mtoto wa nchi hii huisikia kabla hajajua kusoma: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia kwa kucheka, au kwa kumsukuma mgeni aliyekaa mno. Lakini tukiitazama vema twaona kwamba methali hii haisemi, Mfukuze. Wala haisemi, Mnyime. Yasema, Mpe. Jembe nalo ni kipawa, kama chakula kilivyo kipawa. Tena ni kipawa kikubwa zaidi, kwa maana mtu akupaye chakula amekuhurumia, bali mtu akupaye jembe amekukubali.

Katika somo la mwezi huu twataka methali hii ituongoze katika jambo ambalo sisi tukaao kando ya Ziwa Viktoria, toka Mwanza hata Bukoba, tumelikuta mara nyingi, yaani kuja kwa wakimbizi. Mkimbizi si msafiri. Mfanyabiashara ashukaye bandarini Mwanza anajua kwao, na biashara ikimshinda atarudi. Mkimbizi hana pa kurudi, kwa kuwa kule nyuma iko hofu ya kuuawa au kufungwa. Basi tuulize: Mtu wa namna hii apewe nini siku ya kwanza, nini siku ya pili, na nini siku ya tatu?

1. Hata sisi tulikimbia

Asidhani mtu kwamba ukimbizi ni jambo la makabila mengine. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaishika nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, na daraja la Kyaka likabomolewa. Maelfu ya watu wa Mutukula na vijiji vya jirani walikimbia kusini, na mizigo yao kichwani na watoto mgongoni. Wale walikuwa wenye mashamba ya migomba na nyumba nzuri. Kwa siku chache wakawa watu wa kuomba mahali pa kulala.

Tena Wazungu nao wamekimbilia kwetu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili watu wengi wa Poland, ambao Warusi waliwahamisha kwa nguvu mwaka 1940 na 1941, waliachiliwa, wakapita Uajemi, wakaletwa kwa meli hata Afrika ya Mashariki. Kuanzia mwaka 1942 walikaa Tengeru karibu na Arusha, wapata 5,000. Na wengine, wapata 3,000, walikaa Koja, rasi iliyo katika Ziwa letu hili, upande wa Uganda. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Waafrika ndio waliofyeka mwitu na kuwajengea nyumba za udongo na nyasi.

Na sisi Walutheri tukumbuke jambo jingine. Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilipoanzishwa mjini Lund, Uswidi, mwaka 1947, ilihesabiwa kwamba katika kila Walutheri sita wa ulimwengu mmoja alikuwa mkimbizi au mtu aliyehamishwa kwao. Kwa hiyo huduma hii haikuongezwa baadaye juu ya kazi nyingine. Ilikuwapo tangu mwanzo, maana waliokutana kule walikuwa wakiwatafutia ndugu zao mahali pa kulala.

2. Siku ya kwanza: maji na chakula

Tuanze na mfano ulio karibu. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa kama siku moja, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, wakaingia wilaya ya Ngara. Katika mto uliokuwa chini ya daraja lile zilikuwa zikipita maiti za watu waliouawa; nyingine zilifika hata Ziwani, na wavuvi wa pwani ya Uganda, huko Kasensero na kwingineko, walizitoa majini wakazizika.

Watu wale walikusanyika mahali paitwapo Benaco, kwa kuwa palikuwa na bwawa la maji lililoachwa na wajenzi wa barabara. Vyakula vililetwa kwa reli yetu iendayo Mwanza, vikashushwa Isaka, kisha vikachukuliwa kwa magari hata Ngara. Wengi waliteseka; walakini pigo kuu la kipindupindu halikuwapata kama lilivyowapata wenzao wa Goma. Huko Goma, mwezi wa Julai mwaka uleule, watu zaidi ya nusu milioni waliingia kwa siku chache, wakakaa juu ya mwamba wa volkano ambao hauchimbiki vyoo wala makaburi, wakanywa maji ya ziwa Kivu yasiyochemshwa. Wakafa kwa makumi ya maelfu.

Tofauti hii ilitoka wapi? Kwa sehemu ilitoka katika nchi yenyewe. Lakini kwa sehemu ilitoka katika matayarisho. Tangu Oktoba 1993 Ngara ilikuwa imepokea wakimbizi wa Burundi, kwa hiyo watumishi walikuwapo, na akiba ya vyakula ilikuwa karibu. Hapa twajifunza kwamba huruma ianzayo siku ya msiba imechelewa. Mji ulio njiani mwa wakimbizi yapasa uwe na akiba, na watu wajuao kazi zao, kabla mgeni hajabisha hodi.

3. Siku ya pili: jina

Mtu akisha kunywa na kula, ahitaji kuandikwa jina. Labda msomaji atasema, Karatasi haishibishi. Ni kweli, lakini bila karatasi hata chakula hakimfikii mwenyewe. Katika kambi za mwaka 1994 chakula kiligawiwa mwanzoni kwa mikono ya viongozi walewale waliokuja na watu kutoka kwao, na baadhi yao walikuwa wamemwaga damu. Viongozi hao walitaja watu wengi kuliko waliokuwapo, wakala faida, na wajane na yatima wakapata kidogo. Ilipasa kuhesabu upya, na kumpa kila mwenye nyumba kadi yake, ili mjane apokee fungu lake mwenyewe.

Tena jina huwarudishia watu jamaa zao. Mtoto aliyepotezana na mama yake katika msongamano wa darajani huandikwa jina lake, na la baba, na la kijiji, na watumishi wa Msalaba Mwekundu huyapeleka majina hayo kambi hata kambi. Wengi walionekana kwa njia hii. Na shule yahesabiwa katika siku ya pili, hata kama ni ya chini ya mti, kwa sababu mtoto ajuaye kesho ataitwa jina lake na mwalimu, amekwisha kuanza kupona.

4. Siku ya tatu: jembe

Sasa twafika katika kiini cha somo letu. Wafadhili wengi huishia siku ya pili. Ili tuone siku ya tatu ilivyo, na tuiache pwani kwa kitambo, tushike reli mpaka Tabora na nchi iliyo magharibi yake.

Mwaka 1964 serikali ya nchi yetu, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, na Fungamano la Kilutheri walipatana kuifanya kazi hii kwa pamoja. Chombo cha Walutheri kiliitwa kwa herufi T.C.R.S., yaani huduma ya Kikristo kwa wakimbizi wa Tanganyika. Kilianza na Wanyarwanda, kule Muyenzi katika Ngara, na Mwesi katika Mpanda. Kisha, Warundi wengi walipokimbia mauaji ya mwaka 1972, yakafunguliwa makao makubwa matatu: Ulyankulu mwaka 1972, Katumba mwaka 1973, na Mishamo mwaka 1978.

Utaratibu wake ulikuwa huu. Kila jamaa ilipewa shamba lake, na kule Mishamo lilikuwa kama hekta 5. Walipewa majembe, mashoka na mbegu. Wakapewa posho ya chakula mpaka wavune, kisha posho ikapunguzwa na kukoma. Barabara zikakatwa, visima vikachimbwa, shule na zahanati zikajengwa. Wakalima mahindi, mihogo, maharage na tumbaku, wakauza. Kufikia mwaka 1985 makao yote matatu yalikuwa yamekabidhiwa kwa serikali, kwa kuwa wakazi wake walijilisha wenyewe.

Kazi ile haikukosa makosa. Ulyankulu ilijazwa watu kuliko maji yake, ikabidi wengi wahamishwe tena, wakaenda Mishamo. Watu waliokwisha kujenga mara moja walilazimika kufyeka mwitu mara ya pili. Basi anayegawa shamba na apime maji kwanza.

Baada ya jembe likafuata jambo kubwa kuliko yote. Mwaka 1980 serikali ilikubali kuwapa uraia Wanyarwanda wa zamani, wapatao 36,000. Mwaka 1983 Mwalimu Julius Nyerere alipewa nishani ya Nansen kwa ajili ya mambo aliyowatendea wakimbizi. Na Warundi wa mwaka 1972, zaidi ya 160,000, walikubaliwa kuwa raia. Vyeti vyao walianza kupewa kwa wingi mwaka 2014, yaani miaka 42 baada ya kukimbia.

Tuwafikirie tena Wapolandi wa Koja. Walipewa nyumba, shule, kanisa na hospitali. Lakini hawakukusudiwa kubaki; na vita ilipokwisha wengi hawakuweza kurudi kwao, kwa kuwa nchi ilikuwa imebadilika. Ilipofika mwanzo wa miaka ya 1950 karibu wote walikuwa wametawanyika Uingereza, Kanada, Australia na kwingineko. Yaliyobaki ni makaburi. Walitunzwa vema, lakini walitunzwa kama wageni.

5. Jembe lililozuiwa

Baada ya mwaka 1994 mambo yaligeuka. Katika Ngara wakimbizi walikuwa wengi kuliko wenyeji. Miti ilikatwa kwa kuni mpaka vilima vikabaki vitupu, wezi waliongezeka, na barabara ziliharibika. Desemba 1996 Wanyarwanda karibu laki tano walirudishwa kwao, wengine bila hiari. Mwaka 1998 ikatungwa sheria ya wakimbizi inayowataka wakae katika mahali palipowekwa, wasitoke bila kibali.

Tusiwalaumu upesi waliotunga sheria ile; mwenyeji aliyeona shamba lake likikanyagwa na watu robo milioni ana neno la kusema. Walakini tuyaone matunda yake pia. Kambi ya Nyarugusu katika Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu wa Kongo. Watoto waliozaliwa humo wamekua, wakaoa, wakazaa watoto wao humohumo. Mtu mwenye mikono yenye nguvu amepanga foleni ya posho miaka na miaka, na fedha za wafadhili zikipungua, posho nayo hupungua. Huyu ameambiwa kila siku kwamba ni siku ya pili. Mwisho wenyeji humwita mvivu. Lakini ni nani aliyemnyima jembe?

6. Sisi wa Mwanza

Tuseme mama mmoja ameshuka mjini petu na watoto watatu, akasema amekimbia vita. Tufanye nini?

Kwanza, ale na kulala. Hili halihitaji mkutano.

Pili, asifichwe. Wako wenye huruma wanaodhani kumficha ni kumwokoa. Kumbe sheria humtaka mtu wa namna hii ajionyeshe kwa mtendaji wa kijiji au afisa mwingine wa serikali kwa muda wa siku 7 tangu aingie nchini. Amfichaye humfanya aonekane mhalifu. Basi wazee wawili wa usharika wafuatane naye kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa afisa wa uhamiaji, na mtu ajuaye lugha yake awepo, ili habari zake ziandikwe kama alivyozisema.

Tatu, akipelekwa kambini, asisahauliwe. Barua hufika, daftari na mbegu za mboga hufika. Na mgonjwa wa kambini akiletwa katika hospitali ya Bugando, hana jamaa wa kumpelekea uji. Usharika waweza kuwa jamaa yake.

Nne, tuliseme jambo la jembe mahali pa kusemea. Sheria yenyewe imeacha nafasi ya vibali vya kutoka na vya kufanya kazi. Raia wanaoeleza kwa adabu kwamba mkimbizi alimaye ni faida kwa wilaya, nao wana ushahidi wa Katumba na Mishamo, hawapingani na serikali yao. Waikumbusha mambo mema iliyoyatenda yenyewe.

Boazi alimpa Ruthu chakula, kisha akamfungulia shamba. Kwa chakula kile mwanamke mgeni alishiba siku moja. Kwa shamba lile akawa mtu wa Bethlehemu. Basi, ndugu, tusiichoke methali yetu njiani. Tukimpa mgeni siku mbili, tusimnyime ya tatu.

Maswali ya kuzungumza katika mkutano

1. Katika jamaa yako, nani aliwahi kukimbia au kuhamishwa? Alipewa nini na waliompokea, naye alikosa nini?
2. Kwa nini watu wa Goma walikufa wengi kuliko wa Ngara? Usharika wetu una akiba gani leo?
3. Ni hasara gani mwenyeji huipata wageni wakija wengi, nayo yaweza kupunguzwaje?
4. Kosa la Ulyankulu lilikuwa nini?
5. Mama yule wa mfano wetu akifika kwako usiku huu, utamchukua kwa nani kesho asubuhi?