Akili Unde Katika Mambo ya Sheria: Jibu Likaguliwe Kabla ya Kutumika

Siku hizi simu ya mkononi inaweza kuandika barua ya madai, kueleza hati ya mahakama au kufupisha hukumu ndefu kwa dakika chache. Kwa mkazi wa Kiunga, Kizingitini au Faza, ambaye safari ya kumwona wakili humgharimu nauli ya boti na siku nzima ya kazi, huo ni msaada mkubwa. Lakini jibu likiwa na kosa, mtu anaweza kupoteza shamba, fungu lake la mirathi au nafasi ya kukata rufaa.

Programu hupataje jibu?

Programu ya akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, imefunzwa kwa maandishi mengi mno. Inapoulizwa swali, hupanga maneno yanayoelekea kufuatana. Baadhi hupekua intaneti kwanza, lakini hata hizo huweza kusoma vibaya. Ndiyo maana programu inaweza kutaja kesi yenye jina, namba na mwaka, kumbe kesi hiyo haikusikizwa popote.

Jambo hilo lilitokea New York, Marekani. Abiria mmoja alilishtaki shirika la ndege la Avianca, na mawakili wake wakawasilisha maandishi yaliyotaja kesi sita zilizobuniwa na programu ya ChatGPT. Wakili aliyeitumia alikuwa ameiuliza kama kesi mojawapo ilikuwa ya kweli, nayo ikamjibu kuwa ni ya kweli. Mnamo Juni 2023, Jaji P. Kevin Castel aliwatoza mawakili hao na kampuni yao faini ya dola 5,000. Aliyetia sahihi ndiye aliyewajibika, si programu. Funzo jingine ni kwamba jibu la programu halithibitishwi kwa kuiuliza programu ile ile.

Sheria ya kweli, mahali pasipo pake

Kosa si lazima liwe la kubuni. Tuseme mzee Mwislamu wa Pate amefariki na kuacha mke, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike. Wazazi wake walikwisha kufariki. Baada ya mazishi, madeni na wasia, mali iliyobaki ni ya shilingi 800,000.

Programu inaweza kujibu kwa Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kwamba mjane achukue vyombo vya nyumbani na kutumia mali iliyobaki maisha yake yote. Sheria hiyo ipo. Lakini kifungu chake cha 2(3) kinasema mali ya marehemu Mwislamu hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu. Kwa hiyo mjane hupata thumuni, yaani shilingi 100,000. Zinazobaki ni 700,000: mtoto wa kiume hupata 350,000, na kila binti 175,000. Nayo Katiba, Kifungu cha 170, inaipa Mahakama ya Kadhi mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi pale pande zote ni Waislamu na zimekubali kusikizwa huko. Familia iliyofuata jibu la kwanza ingejikuta katika ugomvi wa bure.

Kukagua kesi

Tovuti ya Kenya Law huchapisha sheria za nchi na hukumu za mahakama bila malipo. Mfano mzuri kwa wakazi wa Lamu ni kesi ya wavuvi kuhusu mradi wa LAPSSET, Mohamed Ali Baadi na wenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu na wengine, Ombi Namba 22 la 2012. Mnamo Aprili 2018, Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

Programu ikiitaja kesi kama hii, kuna mambo manne ya kukagua: je, kesi ipo, mahakama na mwaka ni sahihi, maneno yaliyonukuliwa yamo ndani ya hukumu, na je, kulikuwa na rufaa au makubaliano baadaye? Jambo ambalo halikuonekana kwenye hukumu yenyewe lisiingizwe kwenye hati.

Siri za watu

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu hali ya afya, ndoa, mali na majina ya jamaa wa karibu kuwa taarifa nyeti. Wakili naye amefungwa na Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 134, asitoe siri za mteja bila idhini yake. Kinachoandikwa kwenye programu huweza kuhifadhiwa na kampuni iliyo ng'ambo. Kwa hiyo majina, namba za kitambulisho, namba za ploti na picha za hatimiliki zisitiwe humo. Anayeuliza aseme tu "mume", "jirani" au "shamba fulani".

Mambo ya kukumbuka

1. Programu inafaa kwa kueleza maneno magumu, kupanga matukio kwa tarehe na kuandaa maswali ya kumwuliza wakili.
2. Swali litaje Kenya, aina ya mahakama na, katika mirathi, dini ya marehemu.
3. Tarehe za mwisho zithibitishwe kwenye masjala ya mahakama. Kwa kawaida, rufaa ya kesi ya madai kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu huwasilishwa ndani ya siku 30.
4. Hati ya kiapo, mkataba wa ardhi au rufaa isomwe na wakili kabla ya kutiwa sahihi.
5. Mteja ana haki ya kumwuliza wakili wake kama ametumia akili unde, na ni nani aliyekagua.
6. Asiyeweza kumlipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016.