Miguu ya Mbele Ikigonga: Sikiliza Kabla ya Kulipa

Wengi wetu hapa Doha tunaendesha magari ya mkono wa pili, na yanayoanza kulia mapema ni miguu ya mbele. Bushi ni mpira, na kiangazi cha hapa kinaukausha mpaka unapasuka. Matuta nayo mnayajua wenyewe, hasa mitaa ya ndani ya Al Thumama, karibu na ule uwanja wa mpira wenye umbo la kofia uliofunguliwa 2021.

Mwenzetu mmoja mwenye Corolla aliambiwa na gereji fulani kule Sanaiya abadili shokabu zote mbili za mbele. Bei ilizidi kodi yake ya mwezi, na ukaguzi wa Fahes ulikuwa umebaki wiki moja. Fundi alibonyeza boneti mara moja, basi, hukumu ikatoka!

Mimi nilimuuliza swali moja tu: inagonga lini? Akasema ikiingia kashimo kadogo kwa tairi moja, mwendo wa polepole. Tukapanda tuta refu, tairi zote mbili kwa pamoja. Kimya. Tukapita ukingo wa lami kwa tairi ya kulia peke yake: ko-ko-ko.

Hapo jibu lilishaanza kuonekana. Stabilaiza ni chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Yakipanda pamoja, chuma kinazunguka tu bila kujipinda, linki zake hazibebi mzigo. Likipanda moja, kinajipinda, na linki iliyolegea inagonga. Shokabu iliyokufa ingelalamika kote kuwili, tena ungeona oili imevuja, na gari lingeendelea kudunda baada ya tuta.

Kuhakikisha, usikimbilie jeki. Kata usukani mpaka mwisho upate nafasi ya kupenyeza mkono, shika linki, mwenzako atikise gari likiwa chini. Ya kulia ilicheza vidoleni kama jino bovu. Linki mbili mpya na alenki ya kuzuia msumari usizunguke na nati, kazi ikaisha kabla ya Magharibi. Shokabu bado ni zilezile.

Milio mingine ina saa zake. Ikigonga ukishika breki au ukiondoka, tazama bushi za mkono wa chini. Ikilia ukikata usukani gari limesimama, weka kiganja kwenye springi: ikijikaza halafu ikaruka, ni beringi ya juu ya shokabu. Ile ta-ta-ta ya kukata kona kali huku gari linatembea ni jointi ya ekseli, haihusiani na miguu.

Boli jointi ndiyo isiyo na mzaha, maana ikichomoka gurudumu linalala. Inua gari, weka stendi (jeki peke yake usiiamini kamwe), kisha tikisa tairi juu na chini. Likicheza, mwenzako akanyage breki. Mchezo ukipotea, tuhumu beringi ya gurudumu. Ukibaki, shuku boli jointi, na gari lisitoke barabarani mpaka ibadilishwe.

Na kwa mtakaobadili bushi za mkono wa chini: bolti zake zikazwe mwisho gari likiwa limekalia tairi zake. Ukizikaza miguu ikining'inia, mpira unabaki umejipinda ukishusha gari, na hautamaliza mwaka.