Maji Machafu ya Korosho na Oksijeni ya Seriamu

Mtoto wa Nachingwea au Ruangwa aliyewahi kuchoma korosho hahitaji mwalimu wa kemia kumweleza ukali wa mafuta ya ganda. Tone likimrukia mkononi, ngozi huungua na kubabuka. Ukali huo watokana na jamii ya kemikali ziitwazo fenoli. Asidi ya anakadi, iliyo sehemu kubwa ya mafuta hayo, ikipata joto hugeuka kuwa kadanoli. Nayo kadanoli ni fenoli yenye mkia mrefu wa atomu 15 za kaboni.

Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya korosho za wilaya hizi, ambazo wakulima wake huuza kupitia chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, imesafirishwa ghafi hadi India na Vietnam. Anayeuza korosho ghafi huuza pia uchafu wake. Zikibanguliwa hapa nyumbani, ajira hubaki, lakini maji ya kulowekea, ya mvuke uliopoa na ya kuoshea sakafu hubaki pia, yakiwa na fenoli ndani yake. Kuyaelekeza bwawani ili bakteria wayasafishe si dawa ya hakika, kwa maana fenoli zikizidi huwaua bakteria wenyewe. Zikifika kwenye maji ya kunywa yanayotiwa klorini, hata kiasi kidogo mno huyaharibu ladha.

Njia mojawapo ya kuziondoa ni kuziunguza zikiwa ndani ya maji, yaani kuzioksidisha. Kwa fenoli ya kawaida, kazi ikikamilika, mlinganyo ni huu:

C₆H₅OH + 7O₂ → 6CO₂ + 3H₂O

Mlinganyo ni mwepesi kuandika, lakini oksijeni huyeyuka kidogo tu majini, na molekuli ya fenoli haivunjiki kwa urahisi. Bila kichocheo, mtambo huhitaji joto la digrii 150 hadi 320 za Selsiasi, na kanieneo inayoshinda ile ya angahewa kwa makumi ya mara ili maji yasichemke yote yakawa mvuke.

Hapo ndipo seriamu inapoingia. Oksaidi yake, CeO₂, ni unga wa manjano iliyopauka wenye tabia ya mkopeshaji: huweza kutoa baadhi ya atomu zake za oksijeni bila umbo lake kubomoka. Atomu ya oksijeni ikiondoka, huacha pengo, na atomu za seriamu zilizo jirani hushuka kutoka chaji ya 4 hadi 3. Oksijeni ya hewa inayopulizwa mtamboni huja kuliziba pengo hilo, na mkopo huanza upya. Juu ya chembe za unga huo hutandazwa metali kidogo sana, kama vile ruteniamu, platinamu au shaba, ambayo hurahisisha mapokezano hayo. Mwaka 1988 Imamura na wenzake, nchini Japani, walichapisha matokeo ya ruteniamu iliyobebwa na oksaidi ya seriamu.

Uchaguzi wa metali si jambo dogo. Shaba ni rahisi kwa bei, lakini fenoli ikivunjika huzaa kwanza asidi ndogondogo. Maji huchachuka, na shaba huanza kuyeyuka. Uchafu mmoja huwa umebadilishwa kwa mwingine! Ruteniamu huvumilia zaidi, ila ni ghali. Tena, asidi ya asetiki, ileile iliyomo katika siki, hukaidi kuoksidishwa hadi mwisho, na masalio ya kaboni huweza kuufunika uso wa kichocheo.

Seriamu yenyewe imo katika ardhi ya Tanzania, katika madini ya bastinasaiti ya Ngualla, mkoani Songwe. Hata hivyo, mtambo wa kanieneo kubwa si kifaa cha kikundi kidogo cha wabanguaji. Kwao lililo jepesi ni kuyazuia mafuta yasifike majini: maganda yatengwe yakiwa makavu, na mafuta yakamuliwe yauzwe kwa watengenezaji wa rangi na vitambaa vya breki.

Zoezi la maabara: Pima gramu 1 ya manganizi dayoksaidi, kisha, mbele ya mwalimu, itie katika haidrojeni peroksaidi iliyozimuliwa. Povu likikoma, chuja unga, ukaushe, uupime tena. Je, uzito umebadilika? Oksijeni iliyotoka ilikuwa ya nani: ya unga au ya peroksaidi? Linganisha jibu na kazi ya CeO₂.