Dondoo muhimu: mchikichi unapokauka majani

Huku Fizi na Baraka, Kongo, mawese ndiyo ada ya shule, kwa hiyo usikimbilie panga. Kwanza tazama ukavu umeanzia wapi.

Jani moja au mawili ya chini kabisa yakikauka kiangazi, huo ni uzee tu. Majani ya chini yakiwa ya rangi ya chungwa upande wa jua, na yaliyo kivulini yakibaki kijani, udongo umepungukiwa na magnesiamu. Hutokea sana penye mchanga.

Linalotisha ni majani ya chini kukauka moja baada ya jingine, uti ukivunjika na jani kuning'inia kando ya shina. Shuku mnyauko wa Fusarium, kuvu anayeingia kwa mizizi. Wataalamu waliueleza hapahapa Kongo mwaka 1946. Hakikisha kwa kupasua shina la mti uliokwisha kufa: nyuzi za ndani huwa za kahawia au nyeusi. Dawa ya kuuponya haipo. Ng'oa, choma, safisha panga, na mche mpya uupande mbali na shimo la mti ulioung'oa.

Uyoga mgumu kama ubao ukiota chini ya shina, hiyo ni Ganoderma, na shina linaoza ndani. Mti unaweza kuanguka, kwa hiyo usiruhusu watoto wacheze hapo.