SOMO LA HISTORIA: NDEGE ZA JESHI KATIKA SHEREHE



Tarehe 9 Desemba tunakumbuka Uhuru wa Tanganyika, tulioupata mwaka 1961. Sherehe ikifanywa kwa gwaride kubwa, wanajeshi hupita kwa mistari mbele ya viongozi. Mara watu wote hutazama juu. Ndege za jeshi zinapita kwa kishindo! Watoto wanashangilia, wazee wanaziba masikio.

Wengi wetu huku Mpanda, Mlele na Karema tumeyasikia hayo redioni tu, au tumeyaona kwenye televisheni. Leo tujifunze. Desturi hii ilitoka wapi? Ina faida gani? Na gharama yake analipa nani?

1. Yalianzaje?

Jeshi la Anga la Uingereza liliundwa mwaka 1918, Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa inakaribia kwisha. Vita ilipokwisha, serikali yao ilitaka kupunguza matumizi. Wakubwa wa jeshi hilo waliona hatari: huenda jeshi lao likavunjwa. Basi wakafikiri, wananchi wakiziona ndege kwa macho yao watalipenda jeshi.

Mwaka 1920 wakafanya maonyesho makubwa Hendon, karibu na London. Watu walikuja kwa maelfu. Ndege zilipinduka hewani, zikakimbizana, zikapigana vita vya mchezo. Maonyesho hayo yakawa ya kila mwaka mpaka 1937.

Miaka mingine walijenga ngome au kijiji cha bandia uwanjani. Ndege zikaja, zikakishambulia, moshi ukapanda. Watazamaji wakapiga makofi.

Lakini, ndugu msomaji, mwaka ule ule wa 1920 kulikuwa na ngome za kweli. Kule Somalia Sayyid Mohammed Abdullah Hassan alikuwa amepigana na wakoloni kwa miaka 20 hivi. Waingereza walipeleka ndege 12, zikadondosha mabomu juu ya ngome zake na watu wake. Kwa hiyo jambo lililokuwa mchezo Hendon, kwa Wasomali lilikuwa kifo.

2. Ndege za vita kwenye ziwa letu

Hata sisi wa upande wa Ziwa Tanganyika hatukuwa mbali na mambo hayo. Mwaka 1916 Wajerumani walikuwa Kigoma. Walikuwa na meli kubwa iliyoitwa Graf von Götzen. Wabelgiji walikuwa ng'ambo, upande wa Kongo.

Wabelgiji walipata kwa Waingereza ndege 4 za kutua majini. Zililetwa vipande vipande, kwa meli, kwa garimoshi na kwa njia ya mto, kisha zikaundwa karibu na ziwa. Mwezi Juni 1916 zikaruka mpaka Kigoma na kudondosha mabomu. Fikiri wavuvi wa wakati ule walivyoshtuka: chombo kinanguruma angani, kinatupa moto!

Mwezi Julai 1916 Wajerumani walikimbia Kigoma. Kabla ya kuondoka waliizamisha meli yao wenyewe, ili adui asiichukue. Mitambo waliipaka grisi nyingi isiharibiwe na maji. Mwaka 1924 Waingereza waliiibua, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina jipya. Ndiyo MV Liemba, ambayo wazee wa Ikola na Karema wanaijua sana.

3. Ndege za jeshi letu

Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliundwa tarehe 1 Septemba 1964. Kwanza Wajerumani wa Magharibi walianza kutusaidia kuunda kikosi cha ndege. Lakini mwaka 1965 waliondoka, kwa sababu hawakupenda uhusiano wetu na Wajerumani wa Mashariki. Mwalimu Nyerere hakukubali kuchaguliwa marafiki. Baadaye Wakanada walikuja kufundisha marubani, kisha Wachina wakatupatia ndege za kivita.

Mwezi Oktoba 1978 ndege za Idi Amin zilidondosha mabomu Bukoba. Ndipo wananchi walipoelewa kwamba anga nalo ni mpaka, lazima lilindwe. Basi ndege inapopita juu ya uwanja wa sherehe, inatuambia: walinzi wapo.

4. Hatari yake

Maonyesho ya ndege si salama kila mara. Tarehe 28 Agosti 1988, huko Ramstein, Ujerumani, ndege 3 za Jeshi la Italia ziligongana hewani. Moja iliangukia watazamaji, ikawaka moto. Watu 70 walikufa. Tangu hapo nchi nyingi zimekaza masharti, hasa ndege zisielekezwe kwenye umati.

5. Gharama yake

Ndege hunywa mafuta mengi. Pia sherehe kubwa inataka magari, posho, chakula na malazi ya wageni. Fedha hizo ni kodi yetu.

Mwaka 2015 Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru. Wakati ule kipindupindu kilikuwa kinaua watu, akataka siku hiyo tufanye usafi. Shilingi bilioni 4 zikapelekwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge, Dar es Salaam. Mwaka 2020 fedha za sherehe zilipelekwa kununua vifaa vya hospitali. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan naye aliagiza shilingi milioni 960 zijenge mabweni ya watoto wenye mahitaji maalumu katika shule 8 za msingi.

Wapo wanaosema: "Hiyo ndiyo akili. Sherehe hupita, bweni hubaki." Wengine wanajibu: "Taifa lisilokumbuka siku yake litasahau lilikotoka. Vijana nao wataijuaje nguvu ya nchi yao?" Kila upande una hoja. Hata kijijini ni hivyo hivyo. Baada ya mavuno ya mpunga tunacheza ngoma, tunakula. Ni vizuri. Lakini tukila mpaka mbegu, mwakani tutapanda nini?

MANENO YA KUJIFUNZA

Rubani: mtu anayeendesha ndege.
Bandia: si ya kweli, ya kuigiza.
Ngome: jengo imara la kujilinda na adui.
Umati: watu wengi waliokusanyika mahali pamoja.

HESABU

Shilingi 960,000,000 zikigawanywa sawasawa kwa shule 8, kila shule itapata shilingi ngapi?

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini Waingereza walianzisha maonyesho ya Hendon?
2. Kwa nini Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe?
3. Sherehe ya mwisho kijijini kwenu iligharimu kiasi gani? Nani alichanga, na nani alisoma hesabu mbele ya mkutano?
4. Kama ungeulizwa wewe, fedha za sherehe zifanye nini? Toa sababu zako.

Mwenye kusoma na amsomee jirani yake asiyejua bado.