SOMO LA WIKI: Kabla ya kuweka fedha katika mchanganuo wa wanafunzi

Msimu wa mavuno unapoingia katika miteremko ya Mlima Meru, mfanyabiashara anayenunua mahindi kwa wakulima wa Arumeru hukuta hali ile ile kila mwaka. Mahindi yamerundikwa uani yakiwa bado kwenye magunzi, gari limeshafika, vibarua wa kupakia wanasubiri, na kazi ya kupukuchua haijafika hata nusu. Mkulima mwenye uwezo humwita mwenye mashine ya trekta akamlipa kwa gunia. Asiye na uwezo huyafunga mahindi kwenye turubai na kuyatwanga kwa fimbo, mengine yakipasuka na kupoteza bei.

Tatizo hilo ndilo lililowapa ushindi wanafunzi wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, mwaka 2009. Katika shindano la michanganuo ya biashara la chuo hicho, lijulikanalo kama $100K, kampuni ya Global Cycle Solutions iliongoza katika kundi la biashara za maendeleo. Ilikuwa chini ya Jodie Wu, aliyehitimu uhandisi wa mitambo mwaka huo huo. Bidhaa yake ilikuwa kifaa cha kupukuchulia mahindi kinachofungwa kwenye baiskeli ya kawaida, na mahali palipochaguliwa kuanzia biashara palikuwa hapa Arusha.

Tunalirejea jambo hili kwa sababu msomaji wetu wa Arusha hakosi siku ya kuletewa mchanganuo wa aina hiyo. Mji huu una Chuo cha Uhasibu pale Njiro, Chuo cha Ufundi, na Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru. Tangu mwaka 2019 pia kuna mashindano ya kitaifa ya MAKISATU yanayowakutanisha wabunifu wa nchi nzima. Vijana wanaotoka huko wana cheti, wana picha wakikabidhiwa hundi ya mfano, na wanatafuta mtu wa kuwaongezea mtaji. Mara nyingi huanzia kwa mjomba mwenye duka.

Swali la mjomba ni moja: fedha zangu zitarudi vipi?

Shindano lenyewe lisidharauliwe. Lile la MIT lilianza mwaka 1990 likiwa na zawadi ya dola 10,000, likapanda hadi dola 50,000 mwaka 1996 na dola 100,000 mwaka 2006. Limetoa kampuni kubwa, na nyingine zilizopita hapo zikashindwa na bado zikawa kubwa. Akamai ilifika fainali mwaka 1998 bila kushinda, na Oktoba 1999 hisa zake zilikuwa zikiuzwa kwenye soko la Nasdaq. Kwa hiyo mwekezaji asichukue uamuzi wa majaji kama bei ya soko. Jaji hupima hoja iliyoandikwa vizuri na kutetewa vizuri kwa dakika chache, kisha anakwenda nyumbani. Hatarudi mwezi ujao kununua tena.

Tuangalie basi yaliyoipata bidhaa ya baiskeli ilipokutana na wanunuzi. Kwenye karatasi hesabu ilipendeza, kwani kijana mwenye baiskeli angezunguka mashambani akipukuchua kwa malipo, na kifaa kingejilipa. Lakini mahindi ya Arumeru hupukuchuliwa kwa wiki chache tu za mwaka. Baada ya hapo chuma hicho hukaa stoo hadi mavuno mengine, huku fedha ya aliyekinunua ikiwa imelala. Aidha, mshindani hakuwa fimbo peke yake. Alikuwa mwenye trekta, ambaye mashine yake hufanya kazi kubwa kwa muda mfupi na ambaye mkulima halazimiki kumlipa kabla ya mahindi kuuzwa. Mchanganuo unaomtaja mshindani dhaifu na kumsahau mwenye nguvu ni wa kawaida sana. Tumeshauona katika biashara za watu wazima pia.

Kampuni ile haikung'ang'ania. Ilichukua bidhaa nyingine, chaja ya simu inayoendeshwa na mwendo wa baiskeli, ubunifu wa Bernard Kiwia, fundi wa baiskeli wa hapa hapa Arusha. Wakati ule mwenye simu kijijini alikuwa akilipa shilingi mia chache kila mara kuchajiwa simu dukani, hivyo hitaji hili lilikuwepo Januari hadi Desemba. Baadaye ikageukia taa za nishati ya jua, ambazo hazikuwa zimo kabisa katika ubunifu uliowapa ushindi. Na taa nazo zina mshindani wake: Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na kila kijiji ambacho nguzo za umeme zinafika, muuza taa lazima atafute kijiji kingine.

Kwa maoni ya safu hii, kubadili bidhaa mara mbili si aibu. Aliyeweka fedha zake kwa sababu ya kifaa cha mahindi angejuta. Aliyeziweka kwa sababu aliona watu wanaojua kufika vijijini, kupanga mawakala na kukusanya madeni, huyo alikuwa na kitu mkononi hata bidhaa ilipobadilika. Usomapo mchanganuo, tenga mambo hayo mawili.

Sasa tuje Tengeru. Dk. Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali wilayani Karatu na mhadhiri wa Taasisi ya Nelson Mandela, alishinda mwaka 2015 tuzo ya kwanza ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Zawadi ilikuwa pauni 25,000. Kichujio chake kinaunganisha mchanga na chembechembe ndogo mno zinazonasa uchafu wa aina mbalimbali, ikiwemo madini ya floraidi.

Mkazi wa Arumeru haelezwi floraidi ni nini, anaiona kwenye meno. Miamba ya volkano ya Meru inaiachia kwenye chemchemi na visima, na Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa, wakati vyanzo vingi vya ukanda huu huvuka hapo kwa mbali. Serikali ina kituo cha utafiti pale Ngurdoto ambako mifupa ya ng'ombe iliyochomwa imetumika kwa miaka mingi kuiondoa. Kwa hiyo hitaji lipo, na hakuna jaji atakayelibishia.

Hata hivyo, hitaji si mauzo. Kichujio kiliripotiwa mwaka ule kuuzwa kwa takriban dola 130, yaani zaidi ya shilingi laki mbili na nusu kwa viwango vya wakati huo. Kaya inayoishi kwa kuuza ndizi Tengeru siku za soko, Jumatano na Jumamosi, haitoi fedha hiyo kwa mkupuo mmoja, hata ikijua fika kwamba meno ya watoto yanaharibika. Jibu lililopatikana lilikuwa kuweka vichujio kwa wajasiriamali wadogo, ambao nao wanauza maji safi kidogo kidogo kwa majirani. Mtu asiyeweza kununua ng'ombe hununua maziwa.

Hapo ndipo msomaji wetu anapoingia, kwani kibanda cha maji ni biashara ya ukubwa wa mfuko wake. Tuchukue mfano wa kufundishia tu, tarakimu zote zikiwa za kubuni. Wanafunzi wanakuletea mchanganuo wa kibanda. Kichujio, matanki mawili na ukarabati vitagharimu sh. 800,000/=. Ndoo ya lita 20 itauzwa sh. 300/=, maji ghafi kwa kila ndoo ni sh. 50/=, kwa hiyo kila ndoo inaacha sh. 250/=. Gharama zisizobadilika kwa mwezi ni kodi sh. 50,000/=, mhudumu sh. 150,000/= na akiba ya kubadilisha vichujio sh. 30,000/=, jumla sh. 230,000/=. Kibanda kinafungua siku 26.

Gawa sh. 230,000/= kwa sh. 250/=, utapata ndoo 920 kwa mwezi, sawa na ndoo 36 kwa siku ukikamilisha. Chini ya hapo unamlipa mteja ili anywe maji yako. Wanafunzi wameandika ndoo 40, hivyo faida ni sh. 30,000/= kwa mwezi, sh. 360,000/= kwa mwaka, na mtaji unarudi kwa miezi 27. Si haba. Zikiuzwa 60, faida ni sh. 160,000/= na mtaji unarudi kwa miezi mitano. Zikiuzwa 30, hasara ni sh. 35,000/= kila mwezi. Yaani tofauti kati ya biashara nzuri na biashara mbovu ni wateja wachache tu kwa siku, na hiyo ndiyo tarakimu ambayo mchanganuo umeikadiria bila kwenda kuhesabu.

Lakini kuna kosa kubwa zaidi, ambalo majaji wa mbali hawawezi kuliona na mkazi wa hapa hapaswi kulikosa. Masika. Kuanzia Machi hadi Mei maji ya bure yanateremka kutoka kwenye bati la kila nyumba, na maji ya mvua hayana floraidi ya miamba. Mama mwenye pipa chini ya mfereji wa paa hana sababu ya kutoa sh. 300/=. Tuseme mauzo yanashuka hadi ndoo 20 kwa miezi hiyo mitatu. Mapato baada ya maji ghafi yanakuwa sh. 130,000/= kwa mwezi, na hasara ni sh. 100,000/=. Kwa miezi mitatu umepoteza sh. 300,000/=. Miezi tisa ya kawaida ilikuletea sh. 270,000/=. Mwaka unafungwa kwa hasara ya sh. 30,000/=, kutokana na mchanganuo ule ule uliokuonyesha faida ya sh. 360,000/=.

Hakuna aliyedanganya. Walichukua mwezi mmoja wakauzidisha kwa kumi na mbili.

Mwandishi wa safu hii hana haki ya kuwacheka. Nikiwa mwaka wa pili wa biashara niliandika mchanganuo wa kuuza vifaranga, na mahali pa mauzo niliandika kwamba tutapata asilimia moja tu ya wakazi wa mji. Asilimia moja ilionekana unyenyekevu. Nilipata alama nzuri. Hakuna aliyeniuliza hao wakazi wanaitwa nani na wanakaa mtaa gani, nami sikujiuliza.

Likibaki jambo la hesabu, lipo la umiliki, nalo ndilo linalowaponza wawekezaji wadogo wengi. Kijana anasema: nipe sh. milioni 2, nikupe asilimia 10. Maana yake amekuambia kampuni nzima, pamoja na fedha zako, ina thamani ya sh. milioni 20. Muulize milioni 18 zilizobaki ziko wapi. Kama ni ubunifu, nani anaumiliki? Kifaa kilichotengenezwa katika maabara ya chuo, kwa vifaa vya chuo na usimamizi wa mhadhiri, huenda chuo kina sehemu yake, na barua ya chuo juu ya jambo hilo ni muhimu kuliko cheti cha ushindi. Kama ni kampuni, uone hati ya usajili wa BRELA na majina ya wenye hisa. Timu ya wanafunzi watano waliogawana asilimia 20 kila mmoja ni hatari, kwa sababu baada ya mahafali wawili watapata ajira Dodoma, mmoja atakwenda kusoma nje, na hisa zao zitabaki mikononi mwao huku kazi ikifanywa na wawili. Mkataba useme hisa hupatikana kadiri mtu anavyoendelea kufanya kazi.

Kumbuka pia kwamba hisa hizo huwezi kuziuza asubuhi ukiwa na shida. Mwenye hisa za kampuni iliyo kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza mauzo Aprili 1998 na hisa za TOL, anampigia dalali simu. Mwenye asilimia 10 ya kibanda cha maji hana wa kumpigia. Kwa sababu hiyo safu hii huona kwamba, kwa mtaji mdogo, ni afadhali mwekezaji anunue chombo mwenyewe, mathalani kichujio na matanki, awakodishie vijana kwa malipo ya kila mwezi yaliyolegezwa wakati wa masika, na mkataba umpe haki ya kuchukua hisa baadaye kwa bei iliyokubaliwa. Biashara ikifa, matanki yapo. Ikistawi, mlango wa hisa upo wazi.

Aliyeletewa mchanganuo wa kibanda wiki hii anaweza kuupima bila kumlipa mtaalamu. Achague siku moja ya kiangazi na siku moja ya mvua, akae kwenye duka lililo jirani na kibanda kilichopo tayari, Maji ya Chai au Usa River, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 1 usiku, ahesabu ndoo zinazotoka. Tarakimu hizo mbili aziweke mahali pa 40 na pa 20 katika mfano wetu, kisha arudi kwa vijana na kalamu.